IBN MUQLA: WAZIRI ALIYEZIPA HERUFI VIPIMO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata uongofu wao mpaka siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Ndugu mwanafunzi, kabla hujaendelea kusoma makala hii, itoe peni yako uiangalie vizuri. Kama ni ile ya plastiki tunayoizoea wengi, utaona ina pande sita, nazo huizuia isibingirike kirahisi na kuanguka mezani. Ubavuni ina kitundu kidogo sana. Kitundu hicho huingiza hewa ndani ili wino uweze kushuka. Kwenye ncha kuna gololi ndogo ya kama milimita moja, nayo huzunguka kila unapoandika na kuupaka wino kwenye karatasi. Kifuniko nacho kina tundu juu, ili mtoto akikimeza kwa bahati mbaya na kikamkwama kooni, hewa iweze kupita wakati anatafutiwa msaada. Peni ya namna hii ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1950. Tangu hapo watu wengi sana wameandika nayo bila kuyajua hayo.

Basi ikiwa peni rahisi kama hii ina siri nyingi, je, kalamu waliyoitumia wanazuoni wetu wa zamani ilikuwaje? Katika makala hii tutasoma maisha ya mtu aliyeitazama ncha ya kalamu yake akapata humo kipimo cha herufi zote za Kiarabu. Mtu huyo alikuwa waziri mkubwa mjini Baghdad, na mwisho wake ulikuwa wa kuhuzunisha. Jina lake ni Abu Ali Muhammad bin Ali, maarufu kwa jina la Ibn Muqla.

KUZALIWA NA KAZI YAKE YA MWANZO

Ibn Muqla alizaliwa Baghdad mwaka 272 Hijria, sawa na mwaka 886 Miladia. Wakati huo Baghdad ilikuwa mji wa Makhalifa wa Bani Abbas, na ilikuwa na maduka ya vitabu, wanazuoni, matabibu na makarani wengi. Karatasi ilikuwa imeshaanza kutengenezwa huko tangu mwishoni mwa karne ya 8 Miladia, kwa hiyo maandishi yaliongezeka kuliko zamani, watu walipokuwa wakitegemea ngozi na mafunjo. Kila jambo la dola lilihitaji waraka: kodi ya mashamba, mishahara ya askari, barua za magavana na hukumu za makadhi.

Ibn Muqla hakuzaliwa katika nyumba ya mawaziri. Alianza kazi chini kabisa, akiwa karani wa kukusanya kodi katika sehemu za Fars, nchi ambayo leo ni Iran. Baadaye alirudi Baghdad akaingia katika utumishi wa waziri mashuhuri Ibn al-Furat, akapewa kazi ya kufungua barua za serikali zinazoingia na kuzipeleka zinazotoka. Kazi hiyo ilimpitishia mikononi maandishi ya watu wengi. Ndugu yake, Abu Abdillah Hasan, naye alikuwa mwandishi hodari sana, hata wako wanahistoria waliosema kwamba kazi kubwa ya khati ni ya ndugu huyo, au ni ya wote wawili.

KALAMU YA UTETE NA SIRI ZAKE

Kalamu ya zama hizo ilikuwa utete, yaani jani gumu lenye uwazi ndani linaloota kwenye mabwawa na kingo za mito. Hata neno lenyewe kalamu tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ya mbali ni neno la Kiyunani lenye maana ya utete. Anayeuona kwa mbali atadhani ni kijiti tu kilichochongwa. Lakini kila mkato wake ulikuwa na sababu.

Mkato wa kwanza ulifungua ubavu wa utete na kuacha ulimi mrefu mbele. Mkato wa pili ulipunguza pande mbili za ulimi huo mpaka ukafikia upana anaoutaka mwandishi. Kisha ulimi ulipasuliwa ufa mwembamba katikati. Ufa huu ndio siri ya kwanza. Wino hukaa ndani yake bila kumwagika, na mwandishi akiibonyeza ncha, ufa hufunguka kidogo na wino hushuka kwa kiasi. Ukiitazama kalamu ya kisasa ya kujaza wino yenye ncha ya chuma, utaukuta ufa ule ule. Chuma kimechukua nafasi ya utete, lakini ufa umebaki.

Mkato wa mwisho ulikuwa wa kuikata ncha yenyewe. Kalamu ililazwa juu ya kipande cha mfupa au pembe, na ncha ikakatwa kwa kisu kikali kwa pigo moja. Wengi waliikata kwa mshazari, si moja kwa moja. Kwa sababu ncha ni pana na imelala upande, mstari unaochorwa kuelekea upande mmoja hutoka mnene, na unaochorwa kuelekea upande mwingine hutoka mwembamba. Unene na wembamba unaouona katika herufi za msahafu hautokani na kukandamiza mkono. Unatokana na ule mkato.

Hata kidau cha wino kilikuwa na siri yake. Ndani yake waliweka nyuzi za hariri zilizolowana wino. Nyuzi hizo ziliizuia kalamu isizame na kubeba wino kupita kiasi, na ziliilinda ncha isigonge chini ya kidau ikavunjika. Wino wenyewe mara nyingi ulikuwa masizi yaliyochanganywa na gundi ya mti wa mgunga.

NUKTA INAYOPIMA

Katika zama za Ibn Muqla, misahafu mingi ilikuwa imeandikwa kwa khati ya Kufi, yenye herufi nzito na pembe kali. Ilikuwa khati ya heshima lakini ya polepole. Makarani kwa upande wao waliandika kwa khati za mviringo zenye kwenda haraka, lakini kila mmoja alifuata mkono wake. Alifu ya karani huyu ilikuwa ndefu, ya yule fupi. Msomaji alipata taabu, na mwalimu hakuwa na njia ya kumwonesha mwanafunzi kosa lake zaidi ya kumwambia kwamba herufi haikupendeza.

Ibn Muqla alitaka herufi za mviringo ziwe na kanuni. Kipimo alikipata katika ncha ya kalamu. Ukiiweka ncha pana ya kalamu ya utete juu ya karatasi na kuivuta kidogo kwa mshazari, hupatikana alama ndogo yenye pembe nne, imesimama juu ya pembe moja. Hiyo ndiyo nukta. Ukubwa wake unatokana na upana wa kalamu yenyewe: kalamu nene hutoa nukta kubwa, na kalamu nyembamba hutoa nukta ndogo.

Basi nukta ikawa ndiyo rula ya mwandishi. Urefu wa alifu ulipimwa kwa nukta zilizopangwa moja juu ya nyingine, na idadi yake hutofautiana kwa aina ya khati. Kisha alifu hiyo ikafanywa kuwa kipenyo cha duara, na herufi nyingine zikapimwa kwa duara hilo. Herufi raa ikawa robo ya mzunguko wake, na nuun nusu ya mzunguko. Kwa njia hii herufi zote zikawa jamaa moja, kila moja na nasaba yake kwa alifu. Ndiyo maana khati hiyo ikaitwa mansub, yaani khati yenye uwiano.

Faida yake ni kubwa. Mwandishi wa Baghdad na mwandishi wa nchi ya mbali, mmoja akiwa na kalamu nene na mwingine nyembamba, wanaweza kuandika herufi zenye umbo moja. Na mwalimu sasa anaweza kumwambia mwanafunzi kwamba alifu yake imepungua nukta moja. Kwa kanuni hii zilipangika khati sita mashuhuri: Naskhi, Thuluthi, Muhaqqaq, Rayhani, Tawqii na Riqaa.

UWAZIRI MARA TATU

Laiti Ibn Muqla angetosheka na kalamu, huenda maisha yake yangekuwa ya salama. Lakini alikipenda cheo, na cheo katika zama zile kilikuwa kama kukaa juu ya tawi bovu. Dola ilikuwa imepungukiwa na fedha, majemadari walikuwa na nguvu kuliko Makhalifa, na waziri aliyeshindwa kuwalipa askari hakudumu.

Mwaka 316 Hijria (928) Khalifa al-Muqtadir alimteua kuwa waziri. Alikaa miaka miwili tu, akauzuliwa mwaka 318 Hijria (930), akakamatwa, akatozwa mali na kupelekwa uhamishoni Fars. Mwaka 320 Hijria (932) al-Muqtadir aliuawa, na Khalifa mpya, al-Qahir, akamwita Ibn Muqla awe waziri mara ya pili. Haukupita muda mrefu uhasama ukaingia kati yao, Ibn Muqla akashiriki katika njama za kumwondoa Khalifa. Njama zilipogundulika alikimbia akajificha, na wenzake kadhaa wakauawa. Husimuliwa kwamba katika maficho alikuwa akitoka usiku amejibadilisha sura, mara nyingine kama ombaomba, kwenda kuwachochea maaskari.

Mwaka 322 Hijria (934) al-Qahir alipinduliwa, na Khalifa al-Radi akashika nafasi yake. Ibn Muqla akawa waziri kwa mara ya tatu. Husimuliwa pia kwamba alikuwa na bustani kubwa mjini, yenye miti ya kila namna, ndege waliozungushiwa wavu na wanyama kama paa. Wakati huo watu walimwona kuwa ni mtu aliyepata kila alichokitaka.

KESI YA MSOMAJI WA QUR'AN

Katika uwaziri huo wa tatu, mwaka 323 Hijria (935), kililetwa mbele yake kisa cha Ibn Shanabudh, mmoja katika wasomaji wakubwa wa Qur'an mjini Baghdad. Alishitakiwa kwamba anasomesha na kusalisha kwa visomo vinavyokwenda kinyume na msahafu wa Sayyidna Uthman (R.A.). Wanazuoni walikusanyika, akiwemo Ibn Mujahid, yule aliyeandika kitabu cha visomo saba. Ibn Shanabudh alibishana nao kwa maneno makali, na waziri akaamuru apigwe. Akapigwa mpaka akakubali kuacha visomo vile, akaandika hati ya kutubia.

Wanahistoria husimulia kwamba wakati anapigwa, Ibn Shanabudh alimwomba Mwenyezi Mungu aukate mkono wa Ibn Muqla. Kuhusu visomo, wanazuoni walikuwa na hoja nzito, kwani msahafu ni amana ya Umma mzima. Lakini watu hawakuisahau dua ile ya mtu mzee aliyekuwa chini ya mijeledi, na sisi tunaweza kuona kwamba kuwa na haki katika jambo hakumpi mtu ruhusa ya kupitisha mpaka katika adhabu.

MKONO UNAKATWA

Mwaka 324 Hijria (936) askari walimkamata Ibn Muqla na uwaziri wake ukaisha. Mwaka huo huo Khalifa alimpa jemadari Ibn Raiq cheo kipya cha amiri wa maamiri, na madaraka karibu yote yakawa mikononi mwake. Ibn Raiq alizitaifisha mali za Ibn Muqla na za mwanawe. Ibn Muqla alijaribu kuzirudisha kwa upole akashindwa. Ndipo akaishika kalamu. Alimwandikia Khalifa kwa siri akimshauri amkamate Ibn Raiq, na akamwandikia jemadari wa Kituruki, Bajkam, aje Baghdad kushika nafasi yake.

Siri ikatoka. Khalifa al-Radi hakuwa na nguvu ya kumkinga, akamtoa. Mwaka 326 Hijria (938) Ibn Muqla alikatwa mkono wake wa kulia, mkono ule ule ulioandika barua zile.

Tabibu Thabit bin Sinan alitumwa kumtibu jeraha. Yeye ndiye aliyesimulia jinsi mgonjwa alivyokuwa akilia. Alilia kwamba mkono uliowatumikia Makhalifa, ukainakili Qur'an tukufu mara mbili, umekatwa kama unavyokatwa mkono wa mwizi.

Jeraha lilipopona, Ibn Muqla alifanya jambo la ajabu. Aliifunga kalamu ya utete kwenye kigutu cha mkono wake wa kulia akaanza kuandika upya. Alijifunza pia kuandika kwa mkono wa kushoto. Inasemekana maandishi yake hayakupungua sana uzuri. Hapo tunauona ustadi uliokuwa umeingia ndani ya nafsi, si katika vidole tu. Lakini kwa masikitiko, alichokiandika kwa kigutu kile kilikuwa pamoja na maombi ya kutaka uwaziri tena, akidai kwamba kukosa mkono hakumzuii kufanya kazi hiyo.

Bajkam alipoukaribia mji wa Baghdad, Ibn Muqla aliadhibiwa tena, akakatwa na ulimi, akatupwa gerezani. Husimuliwa kwamba hakuwa na wa kumhudumia. Alijitekea maji kisimani kwa kuivuta kamba kwa mkono wa kushoto na kuishika kwa meno. Alifariki gerezani mwezi wa Shawwal mwaka 328 Hijria, yaani Julai 940. Alizikwa huko huko, kisha jamaa zake wakamhamisha, na baadaye akahamishwa tena. Kwa hiyo watu wakasema kwamba alikuwa waziri mara tatu, akawatumikia Makhalifa watatu, na akazikwa mara tatu.

KILICHOBAKI

Ndugu msomaji, leo bustani ile haipo. Hata ukurasa mmoja ambao wataalamu wote wamekubaliana kwa yakini kwamba ni wa mkono wake haupo. Lakini kipimo cha nukta kipo.

Wanafunzi wake waliwafundisha wengine, na miongoni mwa waliopokea kutoka kwao ni Ibn al-Bawwab, aliyefariki mwaka 413 Hijria (1022). Huyu aliisafisha na kuipamba khati ya Ibn Muqla. Msahafu alioukamilisha mwaka 391 Hijria umehifadhiwa mpaka leo katika mji wa Dublin, Ireland, nao umeandikwa kwa khati ya mviringo ambayo mwanafunzi wa leo anaweza kuisoma. Baada yake alikuja Yaqut al-Mustasimi, aliyefariki mwaka 698 Hijria (1298). Yeye aliirudia ncha ya kalamu, akauzidisha mshazari wa mkato, na herufi zikapata wembamba na unene wa kupendeza zaidi.

Elimu ya kuandika kwa kalamu ya utete ilienea mpaka huku pwani yetu ya Afrika Mashariki. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, waandishi walikuwa wakinakili misahafu kwa mkono katika karne za 18 na 19, na baadhi ya misahafu hiyo ipo mpaka sasa. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi hizo hizo za Kiarabu. Nawe, kila unapofungua msahafu wako wa khati ya Naskhi, unasoma herufi zilizopangwa kwa kanuni ya uwiano iliyoanzia katika ncha ya utete mjini Baghdad.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, tuvitazame kwa makini vitu tunavyovitumia kila siku. Wengi walishika kalamu kabla ya Ibn Muqla, na nukta ilikuwepo. Yeye aliiona kuwa ni kipimo.

Pili, uzuri una kanuni. Mwanafunzi asiseme kwamba hakujaaliwa mwandiko mzuri kabla hajapima herufi zake na kuzirudia mara nyingi.

Tatu, elimu yenye manufaa hudumu kuliko cheo. Watu wachache wanaweza kukuambia Ibn Muqla alipitisha amri gani katika uwaziri wake, lakini walimu wa khati wanaendelea kulitaja jina lake.

Nne, na hili ndilo kubwa, kalamu haichagui inachoandika. Mkono mmoja uliandika msahafu mara mbili, na mkono huo huo uliandika barua za njama. Kalamu imepewa heshima kubwa katika dini yetu. Imetajwa katika aya za mwanzo kabisa kuteremshwa, na sura ya 68 ya Qur'an inaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo kila mmoja wetu ajiulize anaiandikisha nini: somo lake, barua ya kheri kwa wazazi wake, au maneno ya fitina ya kuwagombanisha wenzake.

ZOEZI

Chukua kalamu yenye ncha bapa, au mwombe mzazi wako akuchongee kijiti cha mwanzi ukimsaidia. Ilaze ncha kwa mshazari, piga nukta saba zikipandana juu ya mstari mmoja bila kuachana, kisha kando yake andika alifu yenye urefu huo. Fanya hivyo kila siku kwa wiki nzima, halafu linganisha ya mwanzo na ya mwisho. Mlete mwalimu wako karatasi zote mbili.

Tunamuomba Allah (S.W.) amsamehe Ibn Muqla makosa yake, amlipe kwa kheri aliyotuachia, na aijaalie mikono yetu iandike yale yatakayotufaa siku ya kukutana Naye. Amin.

Wabillahi tawfiq.